Msafiri na Mhamaji: Vitabu Viwili vya Nyika ya Asia ya Kati

Vitabu vya safari aghalabu husifiwa kwa hatari zilizomo. Lakini hatari si kipimo cha kitabu. Kipimo ni yale ambayo msomaji ameyajua baada ya kukifunga. Kwa kipimo hicho na tupime vitabu viwili vya nyika moja, ile inayotandaa toka Mongolia, kupitia Kazakhstan, hata Ulaya.

Cha kwanza ni On the Trail of Genghis Khan, kilichotolewa mwaka wa 2013. Mwandishi wake, Tim Cope wa Australia, aliondoka Karakorum, mji mkuu wa kale wa Wamongolia, mwaka wa 2004, akafika Hungaria mwaka wa 2007. Alikata mwendo wa kilomita 10,000 hivi juu ya farasi, ingawa alipoanza hakuwa mpandaji hodari. Siku za mwanzo aliibiwa farasi usiku, akawapata tena. Huko Kazakhstan alipewa mbwa, Tigon, aliyefuatana naye hata mwisho. Sifa kubwa ya kitabu hiki ni unyenyekevu. Cope hajifanyi shujaa. Anaonyesha kwamba majani, maji na baridi ndivyo vilivyoamuru mwendo wake, na kwamba pasipo ukarimu wa wenye mahema asingalifika mbali.

Walakini lipo jambo ambalo kitabu cha namna hii hakiwezi kutupa. Njia ya Cope ilikuwa mstari: kila kambi aliipa kisogo, asiirudie. Njia ya mhamaji ni duara. Wakati wa kiangazi Wakazakhi walipeleka mifugo katika malisho yaitwayo jailau, na kipupwe kilipokaribia walirejea katika makao yaitwayo kistau. Kila ukoo ulijua mahali pake na zamu yake. Basi adhaniaye kuwa kuhama ni kutangatanga ovyo amekosea. Kule kulikuwa na kanuni, sawa na kanuni ya mkulima na misimu yake.

Kanuni hiyo yaelezwa kutoka ndani katika kitabu cha pili, The Silent Steppe, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 2006. Mwandishi, Mukhamet Shayakhmetov, ni Mkazakhi aliyezaliwa mwaka wa 1922 katika jamaa ya wafugaji. Alikuwa mtoto bado serikali ya Kisovieti, chini ya Stalin, ilipowalazimisha wafugaji kuingia katika mashamba ya ushirika na kukaa mahali pamoja. Baba yake alihesabiwa miongoni mwa matajiri, mali ikatwaliwa, naye akafungwa. Katika njaa ya miaka ya 1930 hata 1933 walikufa Wakazakhi zaidi ya milioni moja, yaani zaidi ya theluthi ya taifa zima. Shayakhmetov hasimulii haya kwa kilio. Anataja nani alikula nini, nani alifunga mlango, nani aliufungua. Na utulivu huo humwingia msomaji moyoni kuliko maneno makali.

Ni haki kusema kwamba Cope naye anaitaja njaa hiyo. Lakini kwake ni habari aliyoikuta njiani, na msomaji huipita upesi kwa hamu ya kujua kama msafiri atafika. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Cope alikuwa na ngama ya kurejea. Kwa Shayakhmetov, ngama yenyewe ilibomolewa.

Mwanafunzi na avisome vyote viwili, aanze na cha Cope ili aipende nyika, afuatishe cha Shayakhmetov ili awajue wenyewe. Akilazimika kuchagua kimoja tu, na achague cha pili. Wasafiri wengine watakwenda huko na kuandika. Lakini walioyaona maisha yale kabla hayajavunjwa ni wachache mno, na wachache zaidi ndio walioandika.