Shairi Lililovuliwa Maneno: "Infanta Marina" ya Vincent Persichetti

Mtunzi wa Kimarekani Vincent Persichetti (1915–1987), aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Juilliard kuanzia 1947, hutajwa aghalabu kwa ajili ya Simfoni yake ya Sita ya bendi (1956) na kitabu chake kuhusu hamonia (1961). Utungo wake wa viola na piano, "Infanta Marina" (1960), haujahakikiwa inavyostahili. Wanamuziki huupita kwa kuwa viola, jamaa ya fidla yenye umbo kubwa na sauti nzito zaidi, imezoeleka kuwa ala ya kusindikiza. Wahakiki wa fasihi nao huupita kwa kuwa hauna hata neno moja. Miriam Gideon, aliyetunga sonata ya viola na piano mnamo 1948, amepatwa na hayo hayo.

Hata hivyo, asili ya utungo huu ni fasihi. Shairi lenye anwani hiyo limo katika diwani ya Wallace Stevens, "Harmonium" (1923). Mwaka 1951 Persichetti aliyatungia mashairi ya Stevens, hili likiwamo, msururu wa nyimbo za soprano na piano, akauita kwa jina la diwani. Miaka tisa baadaye alilirudia shairi lile lile, safari hii bila maneno.

Je, husalia nini? Yumkini mtu adai kwamba husalia anwani tu, na kwamba msikilizaji asiyemsoma Stevens hatapata ila huzuni ya jioni. Pingamizi hili lina uzito, lakini linapuuza maudhui ya shairi lenyewe. Stevens anamsawiri mwanamke ufuoni wakati wa machweo. Hatumsikii akinena, fikira zake hudhihirika katika mwendo wa kifundo cha mkono wake, nao mwendo huo huingiliana na ule wa bahari na giza linaloingia. Shairi, basi, lahusu fikira isiyopitia ulimini. Mwimbaji hulazimika kuitamka. Mpiga viola huipitisha panapostahili: katika kifundo cha mkono unaoongoza upinde. Kwa hiyo utungo wa 1960 unalikaribia shairi kuliko wimbo wa 1951.

Kilichopotea ni kejeli ya anwani, ya kumvika mwanamke wa ufuoni cheo cha binti mfalme wa Kihispania. Viola haina njia ya kuutania ufalme.