Nani kasema muziki huu ni 'wa majaribio'?

Neno 'majaribio' linanikera. Likitajwa tamasha la muziki mpya, liwe Nyege Nyege lililoanza Jinja, Uganda mwaka 2015, au CTM la Berlin, wasanii wake huitwa wa 'muziki wa majaribio'. Tulilizoea kwanza katika fasihi: Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni 'riwaya za majaribio'. Mwanafunzi akishasikia hivyo, amepata ruhusa ya kutoelewa. Ati mwandishi mwenyewe alikuwa anajaribu tu!

Hebu tumchukue KMRU, yaani Joseph Kamaru, Mkenya aliyewahi kutumbuiza katika matamasha hayo mawili. Babu yake, ambaye pia ni somo wake, ndiye Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu. Mjukuu hurekodi sauti za mazingira, kisha huzinyoosha na kuzipanga kwa kompyuta. Kipande kilichoipa jina albamu yake, Peel (2020), kinazidi dakika 20, bila ngoma wala kiitikio. Niliwachezea wanafunzi wangu hapa Nakuru. Mmoja akauliza: "Prof, hii ni wimbo ama ni friji?"

Darasa zima liliangua kicheko. Hata hivyo, huo ulikuwa uhakiki kuliko lebo ya majaribio, maana friji aliisikia. Tulipoirudia, maneno yakaanza kuwatoka: mvumo, mkwaruzo, mrindimo, mwangwi, sauti inayofifia. Kumbe Kiswahili kinayo! Kwangu mimi kazi hii imekamilika. Tabaka linalazwa juu ya tabaka kwa subira, japo pana mahali sikio linasinzia.

Na Justinian Tamusuza, Mganda aliyetungia fidla mbili, viola na selo kazi iliyorekodiwa na Kronos Quartet katika Pieces of Africa (1992), naye anajaribu nini? Anatunga.

Wakipsigis, majirani zetu hapa Bonde la Ufa, hawakungoja lebo ya mtu. Santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers zilipowafikia, jina lake likawa 'Chemirocha'. Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950, aliwarekodi wasichana wakiimba wimbo wa jina hilo, kwa lugha yao na lahani yao.

Kazi za KMRU naziita 'sanaa ya sauti'. Kwa Tamusuza bado natafuta. 'Klasiki ya kisasa' hainiridhishi, kwa kuwa mtaani ukisema klasiki, mtu anakuwekea zilipendwa.