Ubaya Wenye Sababu

Mume mbaya wa hadithi zetu za mapenzi tunamtambua kabla hajaketi. Anaingia usiku wa manane ananuka pombe, anauliza chakula kiko wapi, anakimwaga, anapiga. Kurasa mbili baadaye kijana mpole wa jirani anabisha hodi, nasi tunajua mambo yanakoelekea. Mume huyo hana mama, hana deni, hana anachokiogopa. Kazi yake ni moja tu: kumpa mke ruhusa ya kuondoka.

Kinachonikera si ukatili wake. Ni jinsi unavyomdhalilisha mke. Kama mtu huyu alikuwa hayawani tangu siku ya posa, binti mwenye akili zake alimkubalia kwa lipi? Mwandishi hajibu, na kimya chake kinamfanya mhusika wake mkuu aonekane mjinga.

Ndiyo maana namrudia John Galsworthy wa Uingereza na riwaya yake *The Man of Property* ya mwaka 1906. Humo yumo Soames Forsyte, wakili wa London na mkusanyaji wa picha za thamani, aliyemwoa Irene asiyempenda. Galsworthy alikuwa na kila sababu ya kumchora shetani. Ada, mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye wa siri kwa takriban miaka kumi, alikuwa mke wa binamu yake. Walioana mwaka 1905, baada ya talaka. Mwandishi mwenye dukuduku kama hilo aghalabu hulipiza kisasi kwenye karatasi.

Yeye alichagua kazi ngumu zaidi. Irene hatumwingii moyoni hata mara moja. Tunamwona kwa macho ya wengine tu. Tunayeingizwa ndani yake ni Soames. Na humo ndani hatukuti shetani. Tunamkuta mtu anayenunua vizuri. Si bahili: anampa mkewe nguo, vito, hata nyumba nje ya mji iliyochorwa na kijana msanifu majengo, Bosinney. Anachokijua duniani ni kwamba kitu kizuri kilicholipiwa bei yake ni chako. Basi anashangaa kweli kweli: kosa lake liko wapi? Alimposa Irene mara kadhaa, naye hatimaye akakubali kwa ahadi kwamba ndoa ikishindikana atakuwa huru kama hakuolewa. Nyumbani kwao, mama wa kambo alikuwa akitamani aondoke. Hapo swali langu la posa limejibiwa. Irene hakuwa mjinga. Alichoshwa, akabanwa, akaahidiwa.

Kisha unakuja usiku ambao Soames anaukuta mlango wa mkewe haukufungwa, naye anachukua kile anachokiita haki yake. Galsworthy hatupeleki chumbani. Anatuketisha na Soames asubuhi yake, akipata kifungua kinywa peke yake kwa mwanga wa taa ya gesi, ukungu wa Novemba umetanda nje. Kilio cha mkewe cha usiku hakimtoki masikioni. Naye anajitetea kiwakili: mambo haya huvumishwa vitabuni tu, watu wenye busara watasema amelinda ndoa. Ustadi wenyewe ndio huu. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemhubiria, na kila hoja anayoitoa inamzamisha zaidi. Sheria ya nchi yake ilikuwa upande wake. Ni mwaka 1991 tu ndipo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilipotamka kwamba mume anaweza kutiwa hatiani kwa kumbaka mkewe.

Najua wapo watakaosema kumpa mume wa namna hii sababu ni kumtafutia udhuru. Mimi naona kinyume. Mlevi anayemwaga chakula hanitishi, kwa kuwa simfahamu. Soames ananitisha kwa sababu nimewahi kukaa naye meza moja, kwenye arusi na matangani, akieleza kwa upole kabisa alivyomgharamia mkewe.

Kwetu, Bwana Maksuudi wa *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed anamkaribia Soames. Anapomtaliki Bi Tamima kwa kuwa mkunga ameletwa nyumbani kinyume cha amri yake, tunaona ndoa ikiendeshwa kama himaya. Unafiki wake umechorwa barabara. Bado ningependa kukaa kichwani mwake siku ile, kabla hajatamka talaka, nijue alikuwa akiogopa nini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, Galsworthy alimwandikia Soames kifo katika *Swan Song*: nyumba inaungua, picha inadondoka dirishani, naye anamsukuma binti yake aepuke, imwangukie yeye. Kwa Irene hakuomba radhi, wala mwandishi hakumlazimisha.

Waandishi wa hadithi za mapenzi, hatuwaombi mtufanye tumhurumie mume mwovu. Tuandikieni tu ukurasa mmoja wa asubuhi yake, anapokunywa chai na kujiona ana haki.