Mtoto Akunjaye Karatasi: Habari za Kitabu Kimoja cha Picha

Wasomaji wetu wamezoea kuletewa humu habari za misemo na mila. Huenda wakashangaa kuona nafasi ikitolewa kwa kitabu cha watoto chenye maneno machache na picha nyingi. Lakini kitabu hiki chagusa mambo mawili yatuhusuyo sana sisi walimu, yaani jinsi mkono wa mtoto ujifunzavyo kazi, na ni neno lipi la Kiswahili lifaalo kuitaja hali hiyo ya kujifunza.

Kitabu chenyewe kwa jina ni More-igami. Maneno yake yaliandikwa na Dori Kleber, na picha zilichorwa na G. Brian Karas, kilipigwa chapa Marekani mwaka 2016. Jina hilo ni mchezo wa maneno. Origami ni neno la Kijapani, nalo limeungwa kwa ori, maana yake kukunja, na kami, maana yake karatasi. Mwandishi ameuondoa mwanzo wake na kutia neno la Kiingereza lenye maana ya zaidi. Mchezo huo hauvuki kuingia katika Kiswahili, wala nisingependa mtu ajaribu kuuvusha. Kama kitabu kingefasiriwa, jina la “Kunja Tena” lingetosha.

Kisa ni hiki. Joey, mtoto mweusi akaaye mjini, apenda kila kitu kikunjwacho. Siku moja mama wa mwenzake, Bibi Takimoto, aja darasani na kukunja karatasi mpaka imekuwa ndege aitwaye korongo. Joey ataka kufundishwa. Yule mama amwonyesha mikunjo, lakini amwambia wazi kwamba ufundi hautoki katika kuonyeshwa tu. Tangu siku hiyo mtoto hana raha: akunja karatasi za masomo, akunja hata noti zilizomo mkobani mwa mama yake, hata mama achoka na kumkataza. Ndipo jirani yao, Bwana Lopez, mwenye hoteli ya chakula cha Kimeksiko, ampa vitambaa vya mezani avikunje. Huko mkono wapata kuzoea. Mwisho korongo atokea, na mtoto mwingine aja kwa Joey kutaka kufundishwa naye.

Wengi watakaokisoma watamsifu Joey. Mimi naona sifa kubwa ni ya Bwana Lopez. Vitabu vingi vya kuwaonya watoto wawe na bidii hueleza kana kwamba bidii yatoka moyoni mwa mtoto peke yake, na ashindwaye ni mvivu. Kitabu hiki hakisemi hivyo. Joey alikuwa na bidii tangu mwanzo, tena nyingi kupita kiasi; alichokosa ni mahali pa kuitumia asiharibu mali ya watu. Yule jirani hakumpa maneno, alimpa kitu cha kukunja, tena katika kazi ya kweli yenye kutumiwa na watu. Hii ndiyo desturi ya ufundi kwetu pia. Binti wa Iringa ajifunzaye kusuka vikapu vya milulu hapewi hotuba. Hupewa nyasi, huketi karibu na mama yake, husuka, hufumua, husuka tena, na kikapu chake cha kwanza kilichopinda huwekewa kitu hivyo hivyo. Lugha yetu yenyewe yaijua habari hii, maana fundi, funza na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Ni sisi wa shuleni tuliomtenga mwanafunzi na fundi.

Sasa juu ya maneno. Bibi Takimoto amtajia Joey mambo mawili, na mfasiri mwenye haraka angeandika “mazoezi na subira.” Siyapendi yote mawili mahali hapa. Mtoto wa leo asikiapo mazoezi hufikiri kwanza habari za kukimbia na kuruka uwanjani. Na subira, ingawa ni neno jema, limekaa sana upande wa kungoja: mwenye subira huketi kimya mpaka heri imjie. Joey haketi wala hangoji. Saburi ni neno la kanisani, nalo lataka mateso makubwa kuliko karatasi iliyokunjika vibaya. Uvumilivu ungefaa kidogo, ila wao pia ni wa kuchukua mzigo, si wa kurudia kazi. Nadhani kosa ni kutafuta majina ya vitu mahali ambapo Kiswahili hupenda vitendo. Mama yeyote wa Mafinga amfundishaye mwanawe angesema tu, “Rudia, usichoke,” na maneno hayo mawili yabeba yote.

Liko na neno la korongo. Ni jina la ndege, lakini pia ni jina la bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua. Nilipowasomea watoto wa darasa la tatu nikifasiri kwa mdomo, niliposema kwamba yule mama alikunja karatasi ikawa korongo, walinitazama kwa mashaka, na mmoja akauliza maji yalipita wapi. Walipoona picha wakacheka. Yafaa kusema “ndege korongo” tangu mara ya kwanza.

Watu wa Mafinga hatuwezi kusema karatasi ni kitu cha mbali. Msitu wa Sao Hill umetuzunguka, misindano na mikaratusi, na katika wilaya hii hii ya Mufindi kiwanda cha Mgololo kilianza kutoa karatasi mwaka 1985. Malori yenye magogo hupita mbele ya watoto kila siku. Hata hivyo katika madarasa karatasi huhesabiwa ukurasa kwa ukurasa, na hapa nina neno la kuungama. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, nilimchapa mtoto kwa sababu alichana kurasa nne za daftari akazikunja mashua. Nilisema ameharibu mali ya mzazi wake, na kwa hilo sikukosea. Lakini mashua ya nne ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, nami niliiona kabla ya kuinua fimbo. Niliposoma ukurasa ule ambapo mama yake Joey amkataza, nilikifunga kitabu kwa muda.

Wala si jambo geni kwa walimu. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi kati ya kazi za mikono za watoto. Na hapo Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianza na vijana wachache viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Vijana hao wangekielewa kitabu hiki kwa picha zake tu, maana mafunzo yake ni ya jicho na mkono.

Kasoro yake ni kwamba chapita upesi mno penye uchungu. Twaambiwa Joey alikunja na kukunja, lakini kutoka karatasi mbovu hadi korongo mzuri ni safari ya kurasa chache, na msomaji mdogo aweza kudhani ilikuwa kazi ya siku mbili. Mwenzake wa darasa la tatu, yule yule aliyeuliza habari za maji, aliinua mkono tena mwishoni: “Mwalimu, aliharibu karatasi ngapi?” Nikafungua kitabu tangu mwanzo ili nimjibu. Hakuna hesabu hiyo.

Atakayekisoma shuleni, basi, asikisome mikono mitupu. Na awe na madaftari ya mwaka jana yaliyokwisha kuandikwa pande zote, au karatasi za kahawia za mifuko ya saruji zilizokung’utwa vumbi na kukatwa mraba. Zile za saruji ni ngumu kwa korongo, maana shingo yake haikai, lakini kwa mashua ni njema sana. Tulizitumia juma lile, watoto arubaini na wawili, na mpaka Ijumaa ni watatu tu waliofikia mabawa.