Walimu wa Kiingereza cha Madalali

Uholanzi, dalali wa nyumba anayeongea Kiingereza hamshangazi mtu, na ndiyo maana kazi ya walimu wanaowafundisha wanafunzi wa fani hiyo hudharauliwa. Watu huuliza: Kiingereza gani tena, nao wanakijua tangu utotoni? Lakini Kiingereza cha kuagizia kahawa hakiuzi nyumba. Mholanzi husema "eventueel" akimaanisha huenda. Akiandika "eventually", mnunuzi mgeni anasoma kwamba hatimaye paa litatengenezwa, na hapo ahadi imeshazaliwa. Mwalimu huinamia makosa ya namna hiyo, pamoja na nyakati za vitenzi zilizovurugika, daftari baada ya daftari.

Ugumu zaidi uko kwenye sheria. Notari wa Uholanzi hasimami upande wa muuzaji wala wa mnunuzi, ilhali wakili wa Uingereza humtumikia mteja wake. Kuwaita kwa jina moja ni kumpotosha mtu. Vilevile, sehemu kubwa ya ardhi ya Amsterdam ni mali ya manispaa, na haki anayopata mwenye nyumba juu yake haifanani sawasawa na umiliki wa muda maalumu wa fleti za London. Programu ya kutafsiri hutoa neno, kweli, ila haimwonyi mwanafunzi kwamba hapa neno halitoshi, aeleze kwa sentensi nzima. Mgeni anayenunua nyumba ya kuishi Rotterdam, akaelezwa sawasawa kwamba sheria inampa angalau siku 3 za kujiondoa kwenye mkataba, anadaiwa shukrani na mwalimu asiyemjua.