Asali ya Porini Haivunwi kwa Ujuzi wa Mtu Mmoja

Anayetaka kujifunza maarifa ya porini leo hakosi pa kuanzia. Ziko kozi za mwisho wa wiki, ziko video, viko vitabu vyenye michoro ya kupekecha moto na kusoma nyayo. Marekani biashara hiyo ni ya siku nyingi: shule ya Tom Brown Jr. ilianzishwa New Jersey mwaka 1978, na nyingine nyingi zimefuata. Shule za namna hii husimama juu ya wazo kwamba maarifa ya mababu ni jumla ya mbinu, na kwamba kila mbinu inaweza kung'olewa ilipozaliwa, ikafungashwa na kukabidhiwa mwanafunzi yeyote mwenye bidii. Kwa baadhi ya mbinu wazo hilo ni sahihi. Kwa zile zenye uzito zaidi linashindwa, na mfano unaolionyesha hilo waziwazi uko huku kwetu: utafutaji wa asali kwa kuongozwa na ndege aitwaye mlembe. Ukiichambua kazi hiyo hatua kwa hatua, unakuta ujuzi wenyewe umegawanyika kati ya watu wa rika mbalimbali, na hata kati ya watu na ndege, kiasi kwamba hakuna mmoja anayeweza kuubeba peke yake akaondoka nao.

Tuanze na kazi yenyewe. Mlembe hula nta, chakula ambacho wanyama wachache sana wanaweza kukimeng'enya. Shida yake ni kwamba nta imo ndani ya mti, na inalindwa na nyuki wanaoweza kumuua. Binadamu ana moto na shoka, ila hajui mti ni upi. Hapo ndipo haja za wawili hawa zinapokutana. Mwindaji wa Kihadzabe, katika nchi inayozunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hutembea akipiga mluzi. Mlembe akiitika hutoa mlio wa harakaharaka, huruka hadi mti wa mbele, humngoja mtu, kisha huruka tena. Kumfuata kunataka zaidi ya kumkodolea macho. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, waliochunguza kazi hii miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1989, walithibitisha kwamba wawindaji husoma mwelekeo na umbali katika mwenendo wa ndege. Kadiri kiota cha nyuki kinavyokaribia, ndege hutua kwa vituo vifupi zaidi na kwenye matawi ya chini zaidi. Akifika, mlio wake hupoa na nafasi kati ya mlio na mlio hurefuka. Baada ya hapo mwindaji huanza kazi nyingine kabisa: kuuona mlango wa nyuki, kuwasha kienge cha kutoa moshi, na kama mti ni mbuyu, kuchonga vigingi na kuvigongomea kimoja baada ya kingine ili kuupanda.

Faida ya ushirikiano huu imepimwa. Kwa Waborana, kupata kiota kimoja bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9, kwa kuongozwa na ndege, saa 3.2. Ndege naye alifaidika, kwani asilimia 96 ya viota hivyo alivifikia baada tu ya watu kuvifungua. Kwa Wahadzabe, Brian Wood na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba mlembe huongeza kasi ya kupata viota kwa asilimia 560, na kwamba kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chote chao hupatikana kwa msaada wake. Kwa hiyo mluzi ule hauna cha mchezo ndani yake. Familia inautegemea kwa mlo, na ndiyo sababu umekuwa ukirithishwa bila kuandikwa popote.

Hapa ndipo linapokuja swali la msingi: nani anamfundisha nani? Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wawindaji wa Kiyao, ndugu za Wayao wa Tunduru, hawapigi mluzi. Wao hutoa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizikia kwa mguno mfupi. Claire Spottiswoode na wenzake waliipima sauti hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Sauti nyingine zilipotumiwa, uwezekano wa mtu kuongozwa ulikuwa asilimia 33. Ilipotumiwa sauti ya Wayao ukapanda hadi 66. Uwezekano wa kufikishwa hadi kwenye kiota ukatoka asilimia 17 hadi 54. Wawindaji walipoulizwa kwa nini wanatumia sauti hiyo na si nyingine, jibu lao lilikuwa kwamba waliipokea kwa baba zao na kwamba inaleta bahati. Mwaka 2023 Spottiswoode na Wood walikwenda hatua ya mbele: waliwapigia walembe wa Tanzania sauti ya Kiyao, na wa Msumbiji mluzi wa Kihadzabe. Kila upande ndege waliitika zaidi sauti ya wenyeji wao, takriban mara tatu zaidi Tanzania na takriban mara mbili zaidi Msumbiji.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hii ni silika tu ya ndege, na hakuna cha kujifunza hapo. Pingamizi hilo linagusa nusu ya ukweli. Mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, kwa hiyo kinda wake halelewi na wazazi waliomtaga na hawezi kufundishwa nao kuongoza watu. Bila shaka mwelekeo wa kuongoza umo katika maumbile yake. Lakini silika ya spishi moja haiwezi kueleza kwa nini ndege wa Eyasi anapendelea mluzi na wa Niassa anapendelea mguno. Maelezo yanayokidhi ni kwamba ndege hujifunza, akiwa katika eneo lake, sauti ipi huishia kwenye nta. Na watu nao wana sababu ya kutobadili sauti waliyoikuta, maana atakayekuja na sauti yake mpya hataitikiwa. Mila ya watu hulinda uzoefu wa ndege, na uzoefu wa ndege hulinda mila ya watu. Upande mmoja ukiacha, wa pili hupungukiwa. Herbert Friedmann, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu ndege hawa, tayari alieleza kwamba tabia ya kuongoza ilikuwa ikififia mahali ambapo watu walianza kununua sukari na kuacha kufuata ndege.

Tusiupambe uhusiano huu kuliko ulivyo. Wood na wenzake waliona kwamba Wahadzabe mara nyingi huficha, hufukia au huchoma masega yaliyobaki ili ndege asishibe na aendelee kuwaongoza, ilhali Wayao humwachia nta kama malipo. Maarifa ya jadi yana ujanja ndani yake, na jamii mbili zinaweza kufikia mavuno yaleyale kwa maadili tofauti. Kwa hoja ya makala hii, tofauti hiyo inaongeza uzito: hata namna ya kumlipa ndege ni uamuzi wa jamii, na mgeni hawezi kuukisia kwa kusoma maelekezo ya jumla.

Sasa tuwatazame watoto. Mvulana wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali mchanga sana, na watoto wa umri tofauti hutoka pamoja kuzunguka karibu na kambi wakitafuta ubuyu, matunda, mizizi na ndege wadogo. Alyssa Crittenden na wenzake wameonyesha kwamba kwa njia hiyo watoto hujipatia sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe. Hakuna darasa wala mtaala. Mkubwa huonekana akifanya, mdogo huiga, na kosa hulipwa kwa njaa kidogo au kidole kilichoumwa. Uchunguzi wa jamii nyingi za wawindaji na wakusanyaji unaonyesha mfuatano unaofanana: mtoto huanza kwa wazazi, hupitia miaka mingi katika kundi la wenzake, na akishabalehe huwatafuta watu wazima mabingwa kwa kazi ngumu kama uwindaji. Rika zikitenganishwa, ngazi ya kati inakatika, na mtoto hurukishwa kutoka kwa mama hadi kwa bingwa bila daraja.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa Wahadzabe wenyewe. Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima vijana kwa kazi kama kuchimba mizizi na kupanda miti. Waliokaa miaka mingi katika shule za bweni hawakuwa wabaya kuliko wenzao waliobaki porini. Ikiwa ndivyo, wapi hasara ya kutengwa na jamii? Nadhani utafiti huo unatusaidia kuutenganisha ujuzi katika sehemu mbili. Kuchimba na kupanda kunategemea sana nguvu ya mwili, na mwili uliokomaa huyashika mambo hayo upesi. Sehemu hiyo inasafiri, na ndiyo sababu kozi ya siku chache inaweza kumtoa mwanafunzi anayejua kuwasha moto kwa kupekecha. Sehemu ya pili ni kuamua uende wapi, umfuate nani, lini uache njia na lini usubiri, na hiyo huchelewa. Jeremy Koster na wenzake, waliokusanya kumbukumbu za uwindaji kutoka maeneo 40 duniani na kuzichapisha mwaka 2020, walikuta kilele cha ujuzi kinafikiwa karibu na umri wa miaka 33, muda mrefu baada ya mwili kukomaa. Ni kama bao: kanuni unaweza kumfundisha mtu akiwa peke yake, lakini hajui kucheza mpaka akae mbele ya wachezaji.

Kutokana na hayo, shule haistahili kulaumiwa kwa kuwapo kwake. Tatizo ni utaratibu unaomtoa mtoto kwa miaka mfululizo katika eneo ambalo ndege wanawajua watu wake, akarudi akiwa na nguvu za kuchimba lakini hana mazoea ya kuamua. Vivyo hivyo, kurekodi mluzi ni jambo jema, ila rekodi bila wawindaji wanaoendelea kufungua viota haiwapi ndege sababu ya kuitika. Ndiyo maana hati za haki miliki ya kimila walizopewa Wahadzabe wa bonde la Yaeda mwaka 2011 naziona kuwa hatua ya elimu kama zilivyo hatua ya ardhi. Zililinda mahali ambapo somo linafanyika, na bila mahali hapo somo halipo.

Kwa hiyo mpango wowote unaodai kufundisha maarifa ya mababu, uwe wa serikali, wa shirika au wa kozi ya kulipia, naupima kwa maswali matatu. Je, wanafunzi wanarudi katika ardhi ileile mara kwa mara, kiasi cha kuzoeana na viumbe wake? Je, kundi lao lina watoto, vijana na wazee kwa pamoja? Je, wanachokipata kinaliwa au kinatumika, hata kosa likawa na gharama? Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam asiye na mlembe wa kumfuata anaweza kuyatimiza masharti haya kwa kiwango chake: kundi lisilobadilika, msitu mmoja kama Karura au Pugu, misimu yote ya mwaka, pamoja na mzee anayeijua mimea ya hapo na watoto wanaoruhusiwa kuuliza. Kinachopatikana polepole kwa njia hiyo hakina cheti, lakini ni maarifa ya mahali fulani yanayoshikwa na watu fulani, na maarifa ya porini hayajawahi kuishi kwa namna nyingine.