Je, Bahari Ilikosa Tangazo Tu? Uhakiki wa Filamu ya Chasing Coral

Filamu ya hali halisi ya Chasing Coral (2017), iliyoongozwa na Jeff Orlowski, imejengwa juu ya hoja moja: watu hawaijali bahari kwa sababu hawaoni yanayotokea chini yake. Mwenye hoja hiyo ni Richard Vevers, aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara London kabla ya kugeukia upigaji picha baharini. Kwa maoni yangu, hoja hiyo ndiyo inayoipa filamu nguvu, na ndiyo inayoidhoofisha mwishoni.

Nguvu yake imo katika picha. Ndani ya matumbawe huishi mwani mdogo sana unaoyalisha na kuyapa rangi. Maji yakizidi joto, matumbawe huutoa mwani huo yakabaki meupe, na hali hiyo ikiendelea hufa kwa njaa. Neno letu "kupauka" laweza kumfanya msomaji adhani kilichopotea ni rangi tu, kama ngozi iliyokosa mafuta. Filamu inaiondoa dhana hiyo. Kamera zilizotegwa majini zilipotoa picha zenye ukungu, Zackery Rago na wenzake waliamua kupiga mbizi wenyewe kila siku katika Lizard Island, Australia, mwaka 2016, wakipiga picha mahali pale pale. Mtazamaji analiona tumbawe likiwa hai, kisha jeupe, kisha limekufa. Kule New Caledonia matumbawe yanang'aa kwa rangi kali kabla ya kufa, na uzuri wenyewe unakuwa dalili ya ugonjwa.

Udhaifu unajitokeza kwenye kilele. Picha hizo zinaonyeshwa katika kongamano la wanasayansi wa matumbawe huko Hawaii, na baadhi yao wanalia. Lakini hao walikwisha kujua. Filamu inayachukua machozi yao kana kwamba ni uthibitisho kuwa kuona kunatosha. Baada ya 2016, Great Barrier Reef ilipauka tena kwa kiwango kikubwa mwaka 2020, 2022 na 2024, ingawa filamu ilikuwa imeshatazamwa katika nchi nyingi kupitia Netflix.

Basi tatizo halikuwa kukosa tangazo tu. Filamu yenyewe inatueleza kwamba bahari humeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hata hivyo, haiwafuatilii wachimbaji wa nishati hizo wala serikali zinazowapa vibali kwa subira ile ile iliyolifuatilia tumbawe moja.

Ninawashauri wanafunzi wenzangu waitazame, hasa sisi wa Uganda tusiopakana na bahari. Ila tukimaliza, tuulizane swali ambalo filamu imeliacha wazi: baada ya kuona, nani awajibike, na kwa lipi?